Mradi Umeisha, Chama Je?

Leo tuzungumze juu ya tathmini. Kila mara wanakuja watu hapa Rubavu, wilaya ya Rwanda inayopakana na mji wa Goma wa Kongo, kupima kazi ya vyama vya akina mama. Wanauliza maswali, wanaandika, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tuliopimwa hatuambiwi tumepata ngapi.

Wanaokuja si watu wabaya, na swali lao ni la haki. Fedha zimetolewa, mara nyingi ni kodi ya wananchi wa nchi nyingine, na mwenye fedha anastahili kujua zimefanya nini. Ninacholalamikia ni hiki: fedha zinapotolewa tunaambiwa ni za kuimarisha vyama vya wanawake vya mashinani. Zinapopimwa, kinachopimwa ni mradi. Semina ngapi, washiriki wangapi, wanawake wangapi wameelimishwa juu ya haki zao. Mradi umepangiwa tarehe ya kufa tangu siku unapozaliwa. Chama hakikuundwa kife. Ukipima mradi ukadhani umepima chama, unawapelekea wakubwa wako jibu la swali jingine.

Tuanze na fedha zenyewe, maana mkono mtupu haulambwi. Mtandao wa kimataifa wa AWID, unaofuatilia fedha za harakati za wanawake, ulikusanya taarifa za vyama zaidi ya 700 duniani kuhusu mapato ya mwaka 2010. Ukivipanga vyama hivyo kwa mstari, kuanzia kile maskini kabisa hadi kile tajiri, kilichosimama katikati kilikuwa na dola 20,000 kwa mwaka mzima. Hapo ndani kuna kodi ya ofisi, mshahara, simu, usafiri, karatasi. Karibu nusu ya vyama vilivyojibu havikuwahi hata mara moja kupata ruzuku ya kuendesha chama chenyewe. Vilikuwa vikipewa fedha za shughuli, zilizopangiwa matumizi na mtu mwingine. Mwaka 2021 AWID walirudi na hesabu nyingine: asilimia 99 ya misaada ya maendeleo na ya wakfu haifiki moja kwa moja mikononi mwa vyama vinavyotetea haki za wanawake. Inapita kwanza kwa wengine, na kila inapopita inapungua.

Yapo majaribio ya kubadilisha hali hiyo. Mwaka 2017 serikali ya Kanada ilitangaza sera yake ya misaada inayoweka wanawake mbele, na ndani yake mpango wa dola milioni 150 za Kanada kwa miaka 5, kwa ajili ya vyama vya haki za wanawake katika nchi zinazoendelea. Waliahidi fedha za miaka kadhaa, fedha ambazo chama kinaweza kuzitumia kujiendesha, ruzuku ndogo za haraka jambo la ghafla likitokea, na mafunzo ya uongozi na uhasibu. Waholanzi walifanya jambo linalofanana na hilo kupitia mifuko ya wanawake ya Kusini, ukiwemo Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika ulioko Accra. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia. Aliyewahi kuendesha kikundi anajua kwamba kodi ya chumba hailipwi na bajeti ya semina. Unaweza kuwa na milioni za kufundishia na mwenye nyumba akakufungia mlango.

Sasa tuje kwetu. Gisenyi, mji wa wilaya yetu, ni mji wa mpakani kabla ya kuwa mji wa watalii. Mwezi Septemba 1976 marais wa Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo walitia saini hapa hapa mkataba wa kuanzisha jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Mpaka leo wachuuzi wakubwa kwa umri bado wanataja jeton ya CEPGL, ile karatasi iliyomruhusu mtu wa kawaida kuvuka asubuhi na kurudi jioni bila pasipoti. Na ukisimama pale kwenye kivuko cha Petite Barrière alfajiri utaona ni nani hasa anayefanya biashara kati ya Rwanda na Kongo. Mama mwenye beseni la karoti kichwani na mtoto mgongoni. Mama mwenye trei za mayai zilizofungwa kwa kamba ya mpira. Mwingine ana vitunguu, mwingine kabichi, mwingine maziwa. Kwa siku za kawaida watu wanaovuka pale kwa miguu ni maelfu kwa maelfu.

Mwaka 2010 shirika la International Alert lilitoa ripoti juu ya biashara hii ndogo ndogo ya Maziwa Makuu, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikatoa ya kwake. Zote mbili ziliandika jambo ambalo mama wa Rubavu angeweza kukusimulia bure: kwamba wengi wa wachuuzi ni wanawake, kwamba hawajui ni ushuru gani halali na upi ni wa mfukoni mwa mtu, na kwamba matusi, kunyang'anywa mzigo na kushikwashikwa mwili vilikuwa sehemu ya safari. Baada ya hapo fedha zilianza kuja. Muungano wa vyama vya wanawake wa Rwanda, Pro-Femmes Twese Hamwe, ulioanzishwa mwaka 1992, ulikuwa miongoni mwa waliofanya kazi na wachuuzi hawa ili wajiunge katika vyama vya ushirika. Walifundishwa utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, unaomwezesha mwenye mzigo mdogo wa bidhaa zilizomo kwenye orodha kuvuka bila ushuru wa forodha. Walifundishwa kudai stakabadhi.

Pima sasa. Ukihesabu wanawake waliofundishwa orodha ya COMESA, utapata idadi nzuri. Lakini kujua orodha ni jambo moja, na kusimama mbele ya ofisa aliyevaa sare ukamwambia karoti zangu zimo kwenye orodha ni jambo jingine kabisa. La kwanza linatokana na semina. La pili linatokana na kujua kwamba ukizuiwa wenzako hawatapita wakakuacha. Nguvu ya chama iko hapo, na fomu ya mahudhurio haiioni.

Kuna mhazini mmoja wa kikundi cha wachuuzi, simtaji jina, aliyenionyesha madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na jalada gumu, limepigiwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saini, na kwa wasiojua kuandika alama ya dole gumba ya wino wa bluu. Hilo ni daftari la mfadhili. La pili ni daftari la shule la kurasa 48, limekunjika pembe, na limeandikwa kwa kalamu za rangi mbalimbali. Humo mna nani amekopa mtaji wa faranga elfu 30 na amerudisha ngapi. Nani hakuja kwa sababu mumewe amemkataza. Nani amenyang'anywa mzigo mpakani na kikundi kikatuma watu wawili kwenda kuudai. Nani amejifungua na zamu yake ya kuuza imeshikwa na nani. Nikamuuliza, waliokuja kufanya tathmini walitazama lipi? Akaweka kiganja chake juu ya lile la jalada gumu.

Msikilizaji, kama ningepewa dakika moja tu na watu wanaoandika miongozo ya tathmini, ningewaambia waombe daftari la pili. Waombe kwa adabu, kwa sababu mna siri za watu humo, na wakinyimwa wasilazimishe. Wakipewa, wasome kwa utaratibu. Chama chenye nguvu kinaonekana pale: mikopo inarudi, mwandiko unabadilika kwa sababu uongozi unabadilika, matatizo ya mtu mmoja yanakuwa kazi ya kundi. Chama dhaifu nacho kinaonekana: mwandiko ni wa mtu mmoja tangu mwaka wa kwanza hadi wa tano, na kurasa zinajaa mradi unapokuwapo, kisha zinabaki nyeupe.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hayo ni ya kuona kwa macho, na wafadhili wanataka ushahidi wa kisayansi. Haya, twende kwenye sayansi, kwa sababu wilaya yetu ilikuwamo katika mojawapo ya tathmini makini kabisa zilizowahi kufanyika barani Afrika juu ya ukatili wa majumbani.

Mradi uliitwa Indashyikirwa. Ulifanyika kati ya 2014 na 2018 kwa fedha za serikali ya Uingereza, ukaendeshwa na CARE Rwanda, Rwanda Women's Network, na RWAMREC, lile shirika la wanaume wanaopinga ukatili. Ulifika wilaya 7, Rubavu ikiwamo. Walichukua tarafa 28, wakazigawa kwa bahati nasibu: 14 zikapata mradi, 14 zikabaki za kulinganisha. Walioshiriki walikuwa wenzi wa ndoa waliotoka kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo sisi tunaviita ibimina na Watanzania wanaviita vikoba. Mume na mke walikaa pamoja kila wiki, kwa takribani miezi mitano, wakizungumza juu ya madaraka ndani ya nyumba, fedha, wivu, pombe, ugomvi na namna ya kuuzima kabla haujawa kipigo. Pembeni, viongozi wa mitaa walifundishwa, baadhi ya wenzi wakafanywa wahamasishaji wa jamii, na vikafunguliwa vituo 14 ambako mwanamke angeweza kufika, kuzungumza bila hofu na kusindikizwa polisi au hospitali akitaka.

Baada ya miaka miwili watafiti walirudi kuwauliza wale wenzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na mimi niliyasoma kwa furaha. Kwa wanawake waliopitia mafunzo pamoja na waume zao, uwezekano wa kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa ulikuwa chini ya nusu ukilinganisha na wenzao wa tarafa nyingine. Na usisahau kwamba wale wa kulinganishwa nao pia walikuwa kwenye ibimina. Kwa hiyo si akiba peke yake iliyofanya kazi. Ni mazungumzo, ya watu wawili wanaolala kitanda kimoja, wiki baada ya wiki.

Lakini tathmini ile ilikuwa na sehemu ya pili, na hapa ndipo nawapa heshima watafiti kwa kutoificha. Waliuliza pia watu wengine wa tarafa zile zile, ambao hawakukaa kwenye mafunzo. Je, ukatili ulipungua katika jamii kwa jumla? Haukupungua kiasi cha kuonekana. Moto uliowashwa kwa wenzi waliofundishwa haukuwa umeenea hadi kwa majirani. Kazi ya uhamasishaji wa jamii, waliyoirekebisha kutoka mbinu ya SASA! iliyobuniwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ilihitaji muda kupangwa upya kwa mazingira ya Rwanda, na mradi ulikuwa na kalenda yake.

Mimi naona somo kubwa katika tofauti hiyo. Mafunzo ya wenzi ni kazi ya mradi: ina mtaala, ina mwalimu, ina mwanzo na mwisho. Kubadilisha kijiji ni kazi ya chama: haina mtaala, inafanyika kisimani, kanisani, kwenye foleni ya mpakani, kwenye matanga, na inachukua miaka ambayo hakuna mfadhili anayeiandika kwenye mkataba. Tukiendelea kulipia ya kwanza peke yake tutaendelea kupata matokeo mazuri kwa wachache. Na lile jaribio, pamoja na umakini wake wote, liliundwa kupima ukatili nyumbani. Halikuundwa kutuambia kama chama cha wanawake cha tarafa fulani kiliachwa na nguvu zaidi au pungufu fedha zilipokwisha mwaka 2018. Hilo linahitaji mtu arudi, na kurudi hakumo kwenye bajeti.

Kuhusu muda, wacha nikumbushe jambo ambalo vijana wetu wanalichukulia kama hewa. Zamani binti wa Rwanda hakuwa na haki ya kurithi ardhi ya baba yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi ilijaa wajane na mayatima wa kike waliofukuzwa kwenye mashamba ya waume na baba zao. Shirika la Haguruka, Pro-Femmes na vyama vingine vilipigania sheria ya kubadilisha hali hiyo mwaka baada ya mwaka, vikiwa na ofisi ndogo na watu waliochoka. Sheria ya urithi na mali ya wanandoa ilipitishwa mwezi Novemba 1999. Miaka kumi baadaye, ardhi ya nchi nzima ilipoandikishwa, vipande zaidi ya milioni 10, jina la mke wa ndoa ya kisheria likaandikwa kwenye hati pamoja na la mume. Sasa fikiria mtathmini angekuja mwaka 1997, akauliza: mmepata sheria? Wangejibu hapana. Angeandika lengo halijafikiwa, na pengine fedha zingesimamishwa miaka miwili kabla ya ushindi.

Na hata ushindi ule una tundu, ambalo akina mama wa hapa mpakani wanalijua vizuri. Wengi wao wanaishi na waume bila ndoa ya tarafani. Hati ya ardhi haiwatambui. Chama kinachowapeleka wenzi kusajili ndoa zao, mmoja mmoja, kwa kubembeleza wanaume wasiotaka, kinafanya kazi ya haki za wanawake isiyopungua ile ya bungeni. Huko bungeni wanawake wetu wamevuka asilimia 60, na dunia inatusifu, na tunastahili sifa.

Kuna kipimo kimoja ambacho sisi wa Rubavu tumepewa na historia, na nashangaa sijakiona kwenye fomu za tathmini. Mpaka wetu hufungwa. Tarehe 1 Agosti 2019, Ebola ilipofika Goma, ulifungwa kwa saa chache tu, na katika saa hizo chache mboga za watu zilinyauka juani. Mwezi Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona, na mipaka ya nchi kavu ya Rwanda haikufunguliwa rasmi hadi Machi 2022. Malori ya mizigo yalipita, lakini mama wa beseni hakupita. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia kwetu, na kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka hadi nyumba na maduka ya Gisenyi yakapasuka kuta. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika katika mvua zile zilizoua watu zaidi ya 130 nchini, na wilaya yetu ikazika wengi. Januari 2025 vita vya Goma vilidondosha makombora upande huu, na watu wetu wakafa.

Kila mara jambo la namna hiyo linapotokea, kikundi cha wachuuzi hujaribiwa kuliko mtihani wowote wa mshauri elekezi. Mtaji unaliwa. Aliyekopa hawezi kurudisha. Wengine wanahamia kijijini kwa wazazi. Ndani ya nyumba fedha zinapokauka, mkono wa mume unakuwa mwepesi. Je, kikundi kilikutana? Nani aliita mkutano? Waligawana akiba iliyokuwa kwenye sanduku la kufuli tatu, au waliilinda? Walimsamehe mdaiwa aliyefiwa, na waliamuaje? Walikwenda kwa nani kudai nafasi ya kukusanya mizigo yao pamoja na kuivusha kwa lori moja? Mwanamke aliyepigwa usiku wa marufuku ya kutoka nje alimpigia nani simu? Majibu ya maswali hayo yanaeleza kwa usahihi kama fedha za kuimarisha chama ziliimarisha chama. Mtathmini anayekuja Rubavu na asiulize habari za siku ambazo mpaka ulikuwa umefungwa, anaondoka hajauona mji.

Sitaki kuonekana kama natetea kila kikundi. Vipo vyama vilivyobaki na mwenyekiti, muhuri na namba ya akaunti tu. Yapo makundi ambayo mwenyekiti ameyafanya mali ya ukoo wake, na wanachama wanaitwa siku ya mgeni wakae kwenye viti. Fedha ikipotea hapo, inamwibia mwanamke maskini kabla ya kumwibia mfadhili. Kwa hiyo hesabu ziwepo, risiti ziwepo, na aliyekula ajibu. Sisi Wanyarwanda hatuogopi kupimwa. Tangu 2006 mameya wetu wanasaini imihigo, yaani ahadi zao za kazi, mbele ya Rais na wanatoa hesabu ya waliyoahidi hadharani. Nguvu ya imihigo ni kwamba ahadi inajulikana na aliyeahidiwa. Kwenye miradi ya wanawake, anayejua ahadi ni mfadhili na shirika la katikati. Mama wa Rugerero hapa Rubavu hajui viashiria vyake vilivyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, wakati yeye anazungumza Kinyarwanda na anauza kwa Kiswahili.

Halafu kuna suala la muda wa watu. Mtathmini analipwa kwa siku, na ni haki yake. Mama anayehojiwa anafunga meza yake. Saa tatu za mahojiano ya kikundi ni saa tatu za soko, na soko la mboga likipita halirudi hadi kesho. Analetewa soda na andazi. Akiulizwa kama mradi ulimsaidia atajibu ndiyo, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, kwa sababu mgeni katoka mbali, na kwa sababu anajua jibu la hapana linaweza kuwakosesha wenzake mradi unaofuata. Ushahidi wa namna hiyo unakusanywa kwa wingi sana katika ukanda huu.

Nasema haya sasa kwa sababu fedha zinapungua. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake na kulifunga shirika lake la USAID. Uingereza, iliyolipia Indashyikirwa, imetangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Fedha zikipungua, mashirika ya katikati hujikata mwisho. Vikundi vya mashinani hukatwa kwanza, barua moja tu na mkataba umekwisha. Na katika kubana matumizi, tathmini ama inafutwa kabisa, ama inafanywa haraka, na mtu aliyeko mbali, kwa simu.

Mimi ningependa iwe kinyume. Huu ndio wakati wa kwenda kutazama ni vyama vipi vimebaki vimesimama baada ya fedha kukatika, na kuuliza kwa nini. Ni kwa sababu vilipewa ruzuku ya kujiendesha na si ya semina tu? Ni kwa sababu vilikuwa na akiba yao wenyewe kabla mfadhili hajafika? Ni kwa sababu viongozi walibadilishana? Majibu hayo yana thamani kuliko ripoti mia za miradi iliyofikia malengo. Na wanaoyajua wako hapa, hawahitaji viza wala ndege kufikiwa.

Ninachowaomba wanaopanga programu zijazo ni mambo ya kawaida kabisa. Kabla fedha hazijatoka, kaeni na chama kiseme chenyewe kitajuaje kwamba kimepata nguvu, kwa maneno yake, na kipimo hicho kiandikwe kwenye mkataba pamoja na vya kwenu. Wekeni fungu la kurudi miaka miwili baada ya mradi kwisha. Ripoti ikishaandikwa, kabla haijapelekwa makao makuu, ije isomwe hapa kwa Kinyarwanda na Kiswahili mbele ya wale walioulizwa, katika soko la mpakani au kwenye ukumbi wa tarafa, na mwanachama akisema hapa mmekosea, neno lake liingie kwenye ripoti kama alivyolisema. Na gharama ya siku hiyo, nauli pamoja na fidia ya akina mama waliofunga meza zao, iwe imewekwa kwenye bajeti tangu mwanzo.